Kuzalisha reptilia ndugu kwa ndugu: madhara yapo, ila yanajificha kwenye mayai

#1 Gamba Gumu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna kauli inayozunguka sana kwa wafugaji wa nyoka, mijusi na kobe: "Hawa si mbwa wala ng'ombe, ukimpandisha kaka kwa dada hakuna kinachoharibika." Wanaoanza wanaisema, na wenye uzoefu mkubwa wanaisema. Naomba tuijadili kwa kina, maana inawaumiza wanyama na inawapotosha wanaojifunza.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Madhara yapo na yamepimwa, vizimbani na porini. Watu wanayakosa kwa sababu wanamwangalia mnyama mkubwa. Anakula, ngozi inang'aa, mkia umejaa, basi mwenyewe anaridhika. Wakati huohuo nusu ya mayai yalioza, vitoto viwili vilikufa kabla ya kuvua ngozi ya kwanza, na hakuna aliyeandika popote.

Kwa wageni wa mada hii, nieleze kidogo. Kila mnyama ana nakala mbili za karibu kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Wengi wetu tunabeba nakala mbovu kadhaa bila madhara, kwa kuwa ile nzima inafanya kazi peke yake. Ndugu wakizaliana, uwezekano unapanda kwamba mtoto atapata nakala mbovu ileile kutoka pande zote mbili, na hapo hakuna nzima ya kumwokoa. Sasa ubovu uliokuwa umelala unaamka: kiinitete kinafia ndani ya yai, uti wa mgongo unapinda, jicho halitokei, kinga ya mwili inakuwa dhaifu.

Kiasi cha udugu kinahesabika. Kaka na dada wa baba na mama mmoja, ambao wazazi wao hawana udugu, wakizaa, mtoto ana uwezekano wa asilimia 25 kwamba nakala zake mbili za jeni fulani ni kitu kimoja kilichotoka kwa mzee mmoja. Ni hivyohivyo ukimrudisha mtoto kwa mzazi wake. Ndugu wa mzazi mmoja, asilimia 12.5. Endelea na kaka kwa dada kizazi cha pili unafika 37.5, cha tatu 50. Mfugaji anayesema "nimefanya mara moja tu" mara nyingi alinunua wanyama ambao aliyemuuzia naye alikuwa amefanya mara moja tu.

Nitaendelea na mifano ya porini. Karibuni.

#2 Mjusi Kafiri

Mkuu, naweka kambi hapa. Ila nina swali: porini si wanajizuia wenyewe? Nyoka anatambaa, anakwenda mbali, anapata mwenza asiye ndugu. Naona hili ni tatizo la kizimba tu.

#3 Gamba Gumu

Mjusi Kafiri, porini wanajizuia pale wanapopata nafasi. Wakikatwa na mashamba, barabara au bahari, wanabaki na walewale.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Smygehuk, ncha ya kusini kabisa ya Uswidi. Kuna ukanda mwembamba wa majani kando ya bahari, na humo wanaishi nyoka wa sumu aina ya Vipera berus, ndugu wa mbali wa kifutu. Nyuma yao ni mashamba, mbele ni maji, kwa hiyo wametengwa na wenzao kwa muda mrefu. Watafiti walianza kuwafuatilia mwaka 1981. Walichokiona ni hiki: majike (hawa huzaa watoto hai) walikuwa wakizaa watoto wengi waliokufa au wenye vilema, zaidi ya ilivyo kwa nyoka haohao katika maeneo yasiyotengwa. Nyoka wazima wakaendelea kupungua mwaka hadi mwaka mpaka ikaonekana wazi kwamba wanaelekea kuisha.

Mwaka 1992 watafiti wakachukua madume 20 kutoka kundi kubwa la kaskazini mwa Uswidi wakawaachia pale. Wakawaacha wapande kwa misimu minne, kisha 1995 wakawaondoa 8 waliokuwa bado hai. Hawakubadilisha kingine chochote. Hawakuongeza chakula wala kupanua eneo. Miaka michache ikapita bila mabadiliko ya kuonekana, kwa kuwa nyoka hawa wanachelewa kukomaa na watoto hujificha sana. Kisha vijana wakaanza kuonekana wengi. Kufikia 1999 idadi ya madume ilikuwa kubwa kuliko mwaka wowote tangu utafiti uanze, na watoto waliozaliwa wakiwa wamekufa walipungua mno.

Tafakari hilo. Eneo ni lilelile, chakula kilekile, baridi ileile. Kilichoingia ni damu mpya tu.

Uswidi hiyohiyo kuna mjusi anaitwa Lacerta agilis. Katika kundi lililochunguzwa kusini-magharibi mwa nchi, mayai ya ndugu kwa ndugu yalitoa vitoto vyenye vilema kwa wingi zaidi, na vilema hao porini hawaumalizi mwaka wa kwanza. Jike wa mjusi huyu hana namna nzuri ya kumkwepa ndugu anapokuja kumpanda, ila anapandwa na madume kadhaa msimu mmoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kuwa madume walio mbali naye kwa nasaba walipata watoto wengi kuliko madume ndugu. Uchujaji unafanyika ndani ya mwili wake, baada ya kupandwa.

Sasa rudi kizimbani. Jike yule tunampa dume mmoja, tena kaka yake. Tumemnyang'anya kinga pekee aliyokuwa nayo.

#4 Binti Chatu

Kaka Gamba, asante kwa uzi huu. Nazalisha chatu na wengi humu wanajua. Naunga mkono, lakini nina angalizo.

Yai likikwama mimi huwa nalifungua, silitupi likiwa zima. Nashauri kila mtu afanye hivyo. Unakata ganda la juu taratibu kwa mkasi mdogo, unasogeza utando, unaangalia. Mara nyingine ni viza tupu, ute wa njano bila mshipa hata mmoja, maana yake halikurutubishwa. Mara nyingine unamkuta mtoto kamili, magamba na rangi vimetimia, kiini bado hakijaingia tumboni, lakini mgongo umejikunja kama zipu iliyoshonwa vibaya, au upande mmoja wa kichwa ngozi imepita laini mahali pa jicho. Ukiona hivyo mkono unatetemeka hata kama umezalisha miaka mingi.

Angalizo langu ni hili: mgongo uliopinda pia unaletwa na joto. Mashine ya kutotolesha ikipanda kupita kiasi, hata kwa muda mfupi mayai yakiwa machanga, utapata vitoto vyenye mikunjo hata kama wazazi hawajuani kabisa. Unyevu mbaya nao unaua. Kwa hiyo mtu asikimbilie kulaumu udugu kila akiona kilema, na asikimbilie kulaumu mashine kila akiulizwa kuhusu udugu. Hili la pili ndilo ninaloliona zaidi.

#5 Gamba Gumu

Dada Binti Chatu, umegonga penyewe. Watu wengi wanaponea hapo: "Ilikuwa joto." Na hawarudii kupima.

Namna ya kutofautisha haihitaji maabara. Jike huyohuyo, msimu unaofuata, mpe dume asiye ndugu, mayai yaweke kwenye mashine hiyohiyo kwa joto lilelile. Vilema vikitoweka umepata jibu zito. Vikibaki vilevile, angalia kipimajoto chako na lishe ya jike. Ukiwa na majike wawili msimu mmoja, mmoja kapandwa na kaka yake na mwingine na mgeni, mayai yote mashine moja, ni bora zaidi.

Tahadhari moja: majike wengi wa nyoka wanatunza mbegu za dume mwilini kwa muda mrefu, hata kupita msimu mmoja. Unaweza kuamini watoto ni wa dume mgeni kumbe ni wa kaka yake wa mwaka jana. Kama unaweza kulipia kipimo cha vinasaba, lipia.

#6 Kobe Hana Haraka

Habari zenu. Nimesoma yote, nami napinga kidogo, kwa heshima.

Angalieni nyoka wa kahawia wa kisiwa cha Guam, Boiga irregularis. Aliingia baada ya Vita Kuu ya Pili, inaaminika kwa mizigo ya meli. Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha walioanzisha kundi lote hawakufika hata 10. Wale wachache wakazaana wakaujaza msitu, wakala karibu ndege wote wa asili wa kisiwa. Huo udhaifu wa damu ulikuwa wapi?

Na kobe wakubwa wa kisiwa cha Española, Galápagos: walibaki 14, majike 12 na madume 2. Waliokotwa kati ya 1963 na 1974 kwa sababu walikuwa wachache mno na wametawanyika, hata kukutana hawakutani. Akaongezwa dume wa tatu, Diego, kutoka bustani ya wanyama ya San Diego. Leo kuna kobe zaidi ya 2000 waliotokana nao, na mwaka 2020 wazee wenyewe 15 walirudishwa kisiwani. Wote ni ukoo mmoja na wanaishi.

#7 Gamba Gumu

Mzee Kobe, hoja zako nazikubali zote mbili kama ukweli. Ninachopinga ni hitimisho.

Kinachoharibu zaidi ni kubaki wachache kizazi baada ya kizazi. Kundi lenye wazazi 10 wanaochangia sawasawa linapoteza takriban asilimia 5 ya utofauti wa jeni kila kizazi. Likiwa na 50 linapoteza asilimia 1. Nyoka wa Guam walikuwa wachache kwa muda mfupi tu. Walikuta chakula tele kisichowaogopa, hakuna adui wa maana, idadi ikalipuka. Waliozaliwa dhaifu walikufa bila mtu kuwahesabu, wazima wakajaza kisiwa. Sisi tunaona washindi.

Mfugaji hana hali hiyo. Ana jozi tatu, anabaki na jozi tatu miaka 15. Tena kizimbani mnyama dhaifu anapashwa joto, anafunguliwa mdomo, analishwa kwa nguvu, anapona, anazaa. Ile nakala mbovu ambayo porini ingekufa naye tunaipa kizazi kingine.

Kuhusu Española: nafurahi kila nikiisoma, na waliofanya kazi ile wanastahili heshima. Lakini angalia ndani ya hesabu. Diego alizaa takriban asilimia 40 ya watoto, dume mwingine akachukua karibu sehemu yote iliyobaki, na wa tatu alichangia kidogo sana. Kwenye karatasi wazazi walikuwa 15, kijeni walikuwa pungufu ya hapo. Kobe hawa wanaishi zaidi ya miaka 100, kwa hiyo vizazi vilivyopita tangu hapo ni vichache mno. Kwa mnyama wa namna hiyo bili inachelewa kufika.

Na kuna waliofikiwa tayari. New Hampshire, Marekani, lipo kundi dogo la nyoka mwenye njuga mkiani, Crotalus horridus, lililotengwa kwa miongo mingi. Nyoka wake walikuwa na dalili za damu moja, pamoja na kasoro za rangi. Majira ya kiangazi ya 2006 yalikuwa na mvua isiyo ya kawaida, ugonjwa wa fangasi ukawashika, na kundi likapungua kwa takriban nusu ndani ya muda mfupi. Mvua ilinyesha na makundi mengine yakaishi. Hao walikuwa na utofauti mdogo wa jeni kuliko wenzao, na watafiti waliona kuwa jambo hilo lilichangia.

Hivi ndivyo udugu unavyoua porini mara nyingi. Cheti cha kifo kinaandikwa fangasi, au baridi, au ukame.

#8 Kobe Hana Haraka

Nimekuelewa mkuu. Hilo la nani amezaa wangapi sikuwa nimelipa uzito. Endelea.

#9 Mjusi Kafiri

Swali jingine kwa Binti Chatu. Wale chatu wa Python regius wenye mchoro wa buibui, wanaotikisa kichwa na kupinduka shingo wakishambulia windo: ule ni udugu? Watu wanasema zalisha na damu mpya utaisha.

#10 Binti Chatu

Hapana mdogo wangu, na ni muhimu tutenganishe. Jeni ile inahitaji nakala moja tu kufanya kazi. Inaleta mchoro na inaharibu sikio la ndani, mahali mwili unapopimia mizani, kwa pamoja. Uchunguzi wa picha za fuvu ulionyesha sehemu zile za sikio zimeumbika vibaya. Hata umpe mwenza wa upande wa pili wa dunia, mtoto atakayerithi mchoro atarithi na mtikisiko. Dawa yake ni kuacha kuizalisha, basi. Mimi siizalishi na simuuzii mtu.

Mfano mwingine ni mijusi wa Eublepharis macularius wenye rangi ya limau iliyopauka. Utafiti uliochapishwa 2021 ulikuta zaidi ya asilimia 80 ya wenye jeni ile wanapata uvimbe wa seli za rangi chini ya ngozi. Nao si udugu, ni jeni yenyewe.

Lakini rangi ndizo zinazotupeleka kwenye udugu. Albino, kwa mfano, inahitaji nakala mbili ndipo ionekane. Mtu anapata albino mmoja, dume. Anampandisha jike wa kawaida, watoto wote wanaonekana kawaida ila wamebeba nakala moja. Njia ya haraka ya kupata albino wengine ni kumrudisha binti kwa baba, au kaka kwa dada. Njia ileile inayoleta rangi inaleta pamoja nayo kila ubovu uliolala kwa yule dume wa kwanza. Njia ya polepole ni kupandisha wabebaji kwa majike wageni kutoka nasaba mbili au tatu, kisha kukutanisha wajukuu wasio ndugu wa karibu. Inaongeza kizazi kizima. Kwa chatu ni miaka mitatu minne zaidi ya kusubiri jike akomae, na soko halisubiri. Nalijua shinikizo hilo, bado nasema tusubiri.

#11 Mjusi Kafiri

Asante dada. Na wale majike wanaozaa bila dume? Huo si udugu wa kupindukia?

#12 Gamba Gumu

Umeuliza jambo ninalolipenda. Mwaka 2006 ilitangazwa kuwa majike wawili wa mjusi mkubwa wa Komodo, mmoja bustani ya Chester na mwingine London, Uingereza, walitaga mayai yaliyokua bila mbegu za dume. Kinachotokea ni kwamba yai linaungana na seli ndogo pacha yake badala ya mbegu. Mtoto anapata karibu kila jeni kwa nakala mbili zinazofanana, yaani ni kubana damu kuliko hata kaka kwa dada. Kwa Komodo jike ana kromosomu za jinsia mbili tofauti, Z na W, na dume ana Z mbili; watoto wanaoishi wanakuwa ZZ, wote madume. Kama jike alikuwa amebeba nakala mbovu, hapa haina pa kujificha, ndiyo maana mayai mengi ya namna hii hayafiki mwisho.

Mamba naye yupo. Costa Rica mwaka 2018, jike wa Crocodylus acutus aliyekaa peke yake miaka 16 alitaga mayai 14, na ndani ya moja kulikuwa na mtoto aliyekamilika umbo. Hakuanguliwa, alikutwa amekufa. Vinasaba vilionyesha hana baba.

Usiwachanganye na mijusi wa Aspidoscelis wa Amerika Kaskazini ambao baadhi ya spishi zao ni majike watupu. Hao walitokana na spishi mbili tofauti kuzaliana, na wanataga kwa njia inayohifadhi ule utofauti wa mwanzo. Wanaonekana wa damu moja, kumbe kila mmoja amebeba nakala mbili tofauti za jeni nyingi. Ndiyo maana wanadumu.

#13 Kobe Hana Haraka

Basi tupe la kufanya. Mtu ana jozi mbili za ndugu, hana uwezo wa kununua wengi. Afanyeje?

#14 Gamba Gumu

Mzee wangu, kuna habari njema ambayo watu hawaijui. Mnyama aliyezaliwa na vizazi vitatu vya udugu, ukimpandisha na asiye ndugu kabisa, watoto wao wanarudi sifuri kwenye ile hesabu ya asilimia niliyoitaja mwanzo. Mara moja tu. Kwa hiyo huhitaji kununua wengi. Badilishana dume mmoja na mfugaji wa mbali, ambaye hamkununua mahali pamoja. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu wafugaji watano wanaweza kuwa wote wamenunua uzao wa jozi ileile bila kujua.

Kwa hiyo andika. Kila mnyama na baba yake, mama yake, alikotoka na mwaka. Kila kitaga: mayai mangapi, viza ngapi, vilivyofia ndani vingapi, vilema wangapi, waliokula wenyewe bila kulazimishwa wangapi. Mayai viza yahesabiwe hata kama yanauma. Na unapouza, karatasi hiyo iende na mnyama.

Ila damu mpya iwe ya spishi ileile, na kwa wanyama wa uhifadhi iwe ya eneo linaloeleweka. Kuna mashamba ya mamba yaliyochanganya mamba wa Siam na wa maji chumvi, na leo ukitaka kumrudisha mamba wa Siam halisi porini lazima umpime kwanza.

#15 Binti Chatu

Naongeza moja. Mwenye kundi la ndugu watupu na hana pa kubadilishana, asizalishe msimu huu. Jike hadhuriki kwa kukaa bila dume, na mwaka ujao atakuwa mzito zaidi.

Nimetengeneza jedwali la kuandikia vitaga, safu ni zilezile alizotaja kaka Gamba, nimeongeza joto la mashine kwa kila wiki ili ule ubishi wa "ilikuwa joto" uwe na ushahidi. Anayelihitaji aseme hapa chini nimtumie.

#16 Mjusi Kafiri

Nitumie dada. Nina mayai sita yako wiki ya tatu, wazazi ni kaka na dada nilivyouziwa. Nitayaandika yote na nitaleta matokeo humu, yatakavyokuwa.